Kumpeleka mtoto aliyemaliza matibabu ya saratani kula Unguja: hatua kwa hatua

Kila kliniki maswali ni yale yale. Mtoto amemaliza kemo (dawa kali za saratani), nywele zimeanza kuota, hamu ya kula inarudi kidogo kidogo, na familia nzima imechoshwa na kuta za wodi. Wanataka kutoka. Mama anasogea kwenye benchi na kuanza: "Dada, pweza wa Forodhani ataweza? Urojo je? Boti haitamsumbua? Na akipata homa huko kisiwani tumkimbize wapi?" Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja.

Nimechagua Unguja kwa sababu ndiko familia nyingi za Dar es Salaam zinakoulizia, na kwa siku tatu au nne mtoto anaweza kuonja vitu vingi bila kutembea mbali. Mkienda Tanga, Mombasa, au Moshi kufuata mtori, hatua ni hizi hizi.

Jambo moja la kushika kabla ya yote. Matibabu ya saratani ya damu kwa watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, na muda wote huo mdomo wa mtoto unaendeshwa na watu wengine: kunywa hiki, kile marufuku, meza dawa, maliza uji. Ulimi umepitia vidonda na ladha ya chuma. Kwa hiyo katika safari hii kazi zigawanywe: mtoto achague chakula, mzazi alinde usafi wa chakula hicho. Mkizichanganya, mtageuza Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni kando ya bahari Mji Mkongwe, kuwa wodi yenye upepo wa bahari.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya daktari wa saratani anayemjua mtoto, pamoja na majibu ya karibuni ya kipimo cha picha kamili ya damu.
- Muhtasari wa matibabu kwenye karatasi moja: aina ya saratani, dawa alizopewa, tarehe ya dozi ya mwisho, dawa anazoendelea nazo, mzio, na namba ya simu ya wodi. Piga na picha uiweke kwenye simu.
- Kipimajoto cha kidijitali. Kiganja cha mama kwenye paji la uso hakitoshi.
- Dawa zake zote kwenye mkoba wa mkononi, na akiba ya siku kadhaa zaidi. Zisiingie kwenye begi linalopakiwa na mizigo ya boti.
- Pakiti za ORS, na maji ya chupa yenye lakiri isiyofunguliwa.
- Sabuni ya kipande. Kitakasa mikono kinafaa, ila wapo watoto ambao harufu ya spiriti peke yake inawarudisha wodini na kichefuchefu kinaanza hapo hapo.
- Kijiko, uma, kikombe na sahani ya plastiki vya mtoto mwenyewe.
- Kofia pana na shati la mikono mirefu. Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi ambayo watoto wengi huendelea nayo kwa miezi baada ya kemo, inaweza kuifanya ngozi iungue na jua haraka.
- Mifuko ya kutapikia, chandarua kama hujui mnakolala pana nini, kitambulisho chako na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

## Hatua

1. Muone daktari ukiwa na maswali mahususi. Kosa la kwanza linalojirudia ni kuuliza "Anaweza kusafiri?" Daktari anajibu "Ndiyo," mnaagana, umerudi nyumbani mikono mitupu. Uliza hivi: chembe nyeupe za damu ziko ngapi sasa, hasa nyutrofili, zile zinazopigana na bakteria? Kinga imerudi kiasi gani? (Kwa watoto wengi huchukua miezi sita hadi mwaka tangu dozi ya mwisho, na aliyemaliza wiki tatu zilizopita si sawa na aliyemaliza mwaka jana.) Kuna chakula kinachogombana na dawa zake? Moyo na figo viko vipi?

Mtoto aliyetolewa figo moja kwa sababu ya uvimbe wa Wilms (saratani ya figo ya watoto) asikae na kiu kwenye joto la Unguja, na dawa za maumivu kama ibuprofeni asipewe bila ruhusa. Hayo usiyaache kwa muuza duka la dawa.

Na chanjo. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haimfai mtoto ambaye kinga yake haijarudi. Kwa safari ya Dar na Unguja pengine haitakuhusu, lakini mkipanga kuunganisha na Mombasa au kuvuka mpaka wowote, uliza mapema. Daktari akisema bado, anaweza kuandika barua ya kumsamehe mtoto kwa sababu za kiafya. Asichomwe mpakani kwa sababu tu basi linasubiri.

2. Mpe mtoto daftari aandike anachotaka kula. Asiyejua kuandika achore. Usimsahihishe. Akiandika "chipsi" mara nne, basi chipsi mara nne.

Ongeza ukurasa wa pili: vyakula ambavyo hataki kuviona. Huu ndio wenye faida zaidi. Chakula alichokula siku ya kemo kisha akakitapika, mwili unaweza kukikataa kwa miaka, hata kama zamani ndicho alichokipenda. Mtoto anayegeuza uso akiona wali wa kuku huenda hana deko lolote. Alikula wali wa kuku siku ya dripu. Usimlazimishe "aonje tu kidogo" mbele ya wenyeji wenu.

Kaka na dada zake nao wapewe ukurasa. Walikaa kwa bibi miezi mingi wakiambiwa wawe wavumilivu, na safari nyingi za aina hii huharibiwa na mdogo mtu aliyechoka kusikia kwamba kila kitu ni cha mgonjwa. Siku moja nzima iwe yake.

3. Chagua tarehe kwa kuangalia bahari na mfungo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inawafungia ndani. Kusi likishavuma, hasa Juni hadi Agosti, mkondo unachafuka na boti hucheza. Desemba hadi Februari bahari huwa na nafuu, na maembe yapo. Ramadhani ni uamuzi wenu: mchana hakuna kula hadharani na sehemu nyingi za chakula hufungwa, lakini jioni futari inajaa mitaani. Mtoto anayehitaji kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili atapata shida mchana, labda muwe na jiko mnakolala.

4. Weka tukio moja la kula kwa siku. Moja. Mengine yote ni uji, ndizi, mkate na usingizi. Wazazi hupanga kifungua kinywa mtaa huu, chakula cha mchana ufukweni, jioni Forodhani, na ikifika saa tisa mtoto amelala begani kwa baba. Vinkristini, moja ya dawa za kemo, huacha miguu dhaifu na nyayo zenye ganzi kwa muda, na vichochoro vya Mji Mkongwe havina gari la kukuokoa katikati. Uzuri ni kwamba nyumba nyingi zina baraza za mawe mbele. Pumzikeni hapo, salimieni, endeleeni.

5. Boti. Safari ya boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili. Asipande na tumbo tupu, wala asipande ameshiba. Vipande viwili vya mkate mkavu au biskuti ya tangawizi saa moja kabla vinatosha. Kaeni chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti hairuki sana, mbali na harufu ya mafuta na ya vyoo. Aangalie upeo wa bahari, simu iwekwe mfukoni.

Tahadhari: dawa ya kuzuia kutapika aliyokuwa akipewa siku za kemo haisaidii sana kichefuchefu cha mawimbi. Mwombe daktari ile ya safari, na akwambie kipimo kwa uzito wa mtoto.

6. Fuata kanuni ya moto. Kile kinachotoka motoni mbele ya macho yako, kikitoa moshi, kinaliwa. Kilichopikwa ukiwa hupo na kikapoa, kinaachwa, hata kama meza ina kitambaa cheupe. Kwa kanuni hii muuza mihogo ya kuchoma pembeni ya barabara anaweza kuwa salama kuliko meza ya kujipakulia ya hotelini ambako pilau limekaa tangu saa sita.

Kiporo cha wali kiogopeni hasa. Vijidudu vya wali hustahimili kupikwa, na wali ukikaa kwenye joto la kawaida huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Matunda: yale yanayomenywa, na umenye wewe kwa mikono iliyooshwa. Ndizi, chungwa, embe. Nanasi lililokatwa na kupangwa kwenye beseni, hapana. Maziwa yachemshwe. Mayai yaive hadi kiini kiwe kigumu. Barafu, hapana, kwa sababu hujui maji yake yametoka wapi.

7. Forodhani, chakula kwa chakula. Fikeni mapema, karibu na maghribi, saa kumi na mbili hivi, majiko yanapowashwa. Watoto wataona vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani, na hapo nusu ya furaha ya siku imepatikana kabla hata ya kula. Pitieni meza zote kwanza bila kununua. Wauzaji watawaita, jibuni salamu, semeni "tunarudi," tembeeni.

*Mishkaki ya nyama.* Chagua mbichi kutoka kwenye chombo kilichofunikwa, ichomwe mbele yako mpaka iive. Kata kipande kinene kati: kikiwa chekundu kirudi motoni. Bila kachumbari.

*Pweza, ngisi na kamba kwenye vijiti.* Hapa kuna mtego. Baadhi ya meza hupanga vijiti vilivyokwishapikwa, kisha hukupashia ukiagiza. Vinapendeza kwenye picha, lakini vimekaa nje muda gani? Kwa mtoto huyu pitia mbali. Pweza mtafute kwenye supu inayochemka: bakuli lijazwe kutoka sufuria iliyo motoni, mapovu yakionekana, ndimu ukamue mwenyewe. Watoto wengi ambao ladha yao haijakaa sawa hupenda supu hii kwa sababu ya ukali wa ndimu na chumvi yake. Mwenye shida ya figo au shinikizo, chumvi hiyo iulizwe kwanza.

*Urojo.* Swali namba moja. Jibu: ndiyo, kwa masharti. Mchuzi wenyewe wa unga, manjano na embe bichi ukiwa unachemka hauna neno. Bhajia na kachori ziwe zimetoka kwenye mafuta muda huo. Kinachotia wasiwasi ni chatini ya nazi, ambayo haipikwi, na pilipili ya kusaga iliyokaa kwenye kopo wazi. Mwambie muuzaji: "Naomba wa moto sana, usitie chatini wala pilipili, mtoto tumbo lake dogo." Ataelewa bila kuhitaji historia ya ugonjwa. Pilipili, hata ikiwa safi, inachoma mdomo uliotoka kwenye vidonda.

*Pizza ya Zanzibar.* Hii ndiyo inayowashinda watoto wote kwa sababu ni mchezo wa kuangalia. Donge la unga linavutwa hadi linakuwa jembamba kama karatasi, nyama ya kusaga, kitunguu na yai vinawekwa kati, pembe zinakunjwa, linatua kwenye chuma na samli inalia. Omba bila mayonezi, na omba ikae zaidi upande wa pili ili yai liive. Ipasue katikati kabla hujampa. Yai likitiririka, irudishwe. Ile ya ndizi na chokoleti haina yai kwa kawaida, lakini uliza.

*Juisi ya miwa.* Inauma kusema, lakini hapana kwa sasa. Miwa huoshwa na maji usiyoyajua, mashine haioshwi kila mara, na juu yake linatiwa barafu. Mbadala ni dafu lililopasuliwa mbele yako, anywe kwa kikombe chake. (Dafu lina potasiamu nyingi; wa figo auliziwe.)

Nunueni sahani moja moja na mle wote. Tumbo la mtoto huyu hujaa baada ya matonge machache, na sahani nzima mbele yake inamkumbusha mtihani. Akionja kidogo cha vitu vitano ameshinda, na pochi yako pia imepona.

8. Siku ya pili, shamba la viungo. Mashamba ya Kizimbani na jirani zake hupokea wageni, na kwa mtoto ambaye ulimi wake bado una utando, pua hutangulia. Anafikicha jani la mkarafuu, anakwaruza gome la mdalasini, anapasua iliki, anacheka akipakwa rangi nyekundu ya mzingefuri mdomoni. Mwachie abaki na harufu aliyoichagua mwenyewe, hiyo hiyo itiwe kwenye chai yake jioni. Matunda ya kuonja shambani yafuate kanuni ya kumenya. Balungi muulize daktari kabla, kwa sababu linabadilisha jinsi mwili unavyotumia baadhi ya dawa.

Kuna ua dogo la waridi au jeupe linalopandwa kwenye nyua nyingi za pwani, lenye asili ya Madagaska, na huenda mtu akakwambia ni dawa ya saratani. Ana chembe ya ukweli: vinkristini iligunduliwa kutoka mmea huo. Lakini hospitalini dawa hiyo hupimwa kwa uangalifu mkubwa na kuingizwa kwenye mshipa. Majani ya kuchemsha ni sumu isiyo na kipimo. Shukuru, usinywe, usimnyweshe.

9. Pikeni wenyewe mara moja. Kama mnakolala pana jiko, nendeni diko la Malindi au sokoni Darajani asubuhi, mtoto achague samaki. Macho yawe maangavu, matamvua mekundu. Changu wa kupaka na nazi, wali mpya, basi. Akiwa bado na kinga ndogo abaki na baba nje ya msongamano, samaki waletwe awachague kwenye kapu. Ubao wa kukatia samaki usikatie mkate.

## Mambo yakienda mrama

Joto la mwili limefika 38 au zaidi. Hospitali, sasa hivi, hata kama anacheza. Usimpe Panadol ukasubiri ishuke, utaficha dalili. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko pembezoni mwa Mji Mkongwe. Tangulieni kujua njia tangu siku ya kwanza. Mlangoni sema sentensi moja: "Mtoto huyu ametoka kwenye matibabu ya saratani, ana homa," kisha toa ile karatasi. Waombe kipimo cha malaria na cha damu vyote viwili. Kama mna bima, hakikisheni kabla ya safari kwamba inapokelewa visiwani.

Anaharisha. ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Usimpe dawa ya kufunga tumbo kwa kujiamulia. Damu kwenye choo, macho kuzama, kukataa kunywa, au mkojo kutotoka kwa saa sita: hospitali.

Hataki kula chochote. Siku ya kwanza ni kawaida, amechoka. Ondoa chakula mbele yake, acha mle nyinyi na mzungumze mambo mengine. Vyakula vya baridi kiasi visivyo na harufu kali, kama ndizi au mkate wa kumimina uliopoa kutoka motoni muda si mrefu, hukubalika kuliko vya mchuzi. Asipokunywa pia, hilo ni jingine. Rudi aya ya juu.

Watu wanakodolea macho kichwa au kovu. Mwulize mtoto kabla ya safari anataka kusema nini. Wengine huchagua kofia, wengine hujibu "nilikuwa naumwa, nimepona," wengine wanataka mama ajibu. Uamuzi wake usiubadilishe papo hapo kwa sababu wewe umeona aibu.

Shangazi wa Unguja amepika na atakasirika. Mpigie siku moja kabla, usimshtukize mlangoni. Mwambie: "Shangazi, tunakuja kula kwako, ila naomba tufike ukiwa unapakua." Akishajua mtoto atakula biriani yake ya moto kwanza kuliko wote, hilo la kachumbari atalimaliza mwenyewe.

Kila jioni anataka kitu kile kile. Pizza jana, pizza leo, pizza kesho, na daftari lina vyakula kumi ambavyo havijaguswa. Nunua pizza. Angalia yai limeiva.